Kopo la Mtoto na Kufuli la Kisima

Kisima chetu tulikichimba kwa pesa za korosho za msimu wa 2017, mwaka ambao bei ya mnadani ilipanda hata wazee wa Tandahimba wakasema hawajapata kuiona. Mume wangu alitaka pikipiki. Mimi nilitaka maji. Tulibishana wiki nzima, mwisho akaniambia, "Haya, mama watoto, chimba kisima chako." Fundi alishuka chini mita mbili na nusu, urefu mita nne, upana mita tatu, akasakafia kuta kwa saruji, akamwaga zege juu na kuacha mlango mdogo wa kutekea wenye mfuniko wa chuma. Kwenye ukingo wa paa alifunga mfereji wa bati, na kutoka kwenye mfereji bomba likashuka hadi kwenye tundu la zege lililofunikwa wavu. Hapo ndipo mvua huingilia. Kisima kikijaa kina lita 30,000, yaani ndoo 1,500 za lita ishirini.

Msomaji anayeishi penye mito huenda asione ukubwa wa jambo hili. Huku juu ya uwanda wa Makonde udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na maji huibuka tena mbali chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Bibi zetu walishuka mteremko alfajiri na mitungi, wakarudi jua likiwa la utosi. Tangu miaka ya 1950 Mradi wa Maji wa Makonde umekuwa ukipandisha maji kwa mashine kutoka bonde la Mitema, na akina mama wengi wamepumzisha miguu kwa sababu yake. Lakini kiangazi kikikaza, Septemba hadi Novemba, mwenye kisima cha mvua uani kwake ndiye tajiri wa mtaa.

Jirani wakaanza kuniita Mama Kisima, na jina lile likanikaa vizuri kama kitenge kipya. Niliuza ndoo moja shilingi 300. Nilikuwa na daftari, nikaandika jina la kila mtu na idadi ya ndoo alizokopa. Oktoba ya 2018, maji kisimani yalipofika magotini, nikapandisha bei hadi 500. Nikanunua kufuli kubwa, nikalifunga kwenye mfuniko, na funguo nikazifunga kwenye pindo la kanga. Niliamini nafanya vyema. Akiba haiozi, nilijiambia, na mama asiyelinda maji ya wanawe atalinda nini?

Ng'ambo ya ua wetu anaishi Bibi. Ni mjane, Mwislamu, kama walivyo wengi hapa Tandahimba; sisi ni Waanglikana. Nyumba yake ni ya udongo na paa la nyasi, na paa la nyasi halivuni maji ya kunywa. Anaishi na mjukuu wake wa kike, wakati ule mtoto wa miaka saba hivi, mwembamba, mwenye macho yanayouliza. Kila asubuhi Bibi alikuja na ndoo moja, nami niliandika. Moja, mbili, tano, kumi.

Mwaka ule kila mtu alikuwa anakopa. Wanunuzi walikuja minadani na bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kuwa Serikali itazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi ndio watakaozibeba. Bei ilifurahisha. Pesa zenyewe zilitakiwa kwanza zipitie uhakiki wa mashamba, kisha zilipwe kwa zamu. Kati ya mnada uliogomewa na zamu ya mtu kufika kulikuwa na wiki nyingi za mfuko mtupu, na wiki hizo ziliangukia kwenye kiangazi kikali kuliko vyote.

"Hodi, Mama Kisima," Bibi aliita asubuhi moja.

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na ndoo."

"Bibi, umefikisha ndoo ishirini na tatu."

"Najua, mwanangu. Korosho zangu ziko ghalani. Zikilipwa tu, wewe ndiwe wa kwanza."

"Bibi, na mimi nina watoto."

Hakujibu. Alijitwika ile ndoo tupu kana kwamba imejaa, shingo imenyooka, akatoka kwa njia ya mbele, mbele ya macho ya watu. Mimi nilirudi jikoni kuchochea moto.

Jumapili ile padri alihubiri juu ya Msamaria Mwema. Nilikaa kwenye benchi la akina mama, na padri alipofika pale kuhani alipopita upande mwingine wa njia, machozi yalinitoka. Nililia kweli. Nilimwonea huruma mtu aliyepigwa na wanyang'anyi kwenye barabara ya Yeriko kiasi kwamba mwenzangu wa benchi alinipa leso. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi, nikaamini kwamba imani inanifanya mtu mwenye huruma. Kisha nikakagua kufuli.

Usiku wa siku ya nne baada ya hapo nilisikia mlio uani. Tung. Kimya. Tung. Mume wangu alidhani ni panya kwenye bati. Asubuhi nilikuta goti la bomba limesogezwa, wavu wa tundu umeinuliwa pembeni, na ndani ya tundu kopo la maziwa ya unga limenasa, limetobolewa matundu mawili mdomoni na kufungwa kamba ya vipande vya kanga vilivyoungwa fundo kwa fundo. Vile vipande niliviona mara nyingi kwenye kamba ya kuanikia ya Bibi. Mkono wa mtu mzima haupiti kwenye lile tundu. Mkono wa mtoto wa miaka saba unapita.

Hasira niliyokuwa nayo sikumbuki kuwa nayo kabla wala baada. Ilibaki saruji kidogo kwenye mfuko tangu kisima kijengwe. Nilichanganya na mchanga, nikasokota tambara kuukuu, nikalisukumiza kwenye tundu, nikafunika juu kwa saruji na kuilainisha kwa kiganja. Mume wangu alisimama mlangoni akiniangalia.

"Mvua zikija je?"

"Nitalizibua kabla hazijaja," nikasema.

Kazi ile ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha zikaja kazi za msimu, kuokota korosho, kuanika, kuchambua, kupeleka magunia kwenye chama cha msingi, nami nikalisahau tundu. Bibi nilimwona kwa mbali akipita na dumu dogo kwenda mtaa wa pili. Sikumuuliza neno.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa Jumatano, wiki ya mwisho ya Novemba. Mume wangu alikuwa msibani Masasi. Tulikuwa na magunia saba ya korosho kwenye stoo, yakisubiri kupelekwa ghalani, na stoo yenyewe ni ya tofali mbichi, ukuta wake ukiwa hatua tatu tu kutoka kisimani. Niliamshwa na kishindo cha bati. Kwanza nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikawaambia watoto wasikilize kisima kikijaa.

Hatukusikia kisima. Maji yalishuka kwa bomba, yakakuta saruji yangu, yakarudi juu, yakapasua goti la bomba na kumwagika uani. Paa zima lilikuwa linatiririkia hatua tatu kutoka stoo. Nilipotoka na tochi ya simu, maji yalinifika vifundoni. Nilikumbuka tundu wakati huohuo. Nikawaza kwamba nikifungua mfuniko, maji yataingia kwa pale. Nilifungua pindo la kanga gizani, mkono ukitetemeka, na funguo zikaanguka kwenye tope. Nilipiga magoti nikipapasa, na nikiwa bado nimepiga magoti ukuta wa stoo uliporomoka kwa kishindo kizito, kama mkorosho mkubwa ulioangushwa.

Nilipiga yowe. Katika mtaa wetu hilo halihitaji maelezo.

Walikuja. Alikuja kijana ambaye nilimwandikia ndoo tisa, na mtaimbo begani. Alikuja mama wa nyumba ya kona, niliyemnyima wiki mbili kabla, na taa ya chemli chini ya mwavuli. Walikuja vijana wa bodaboda, na wazee wawili ambao siku zote walinisalimu wakitoka msikitini nami nikawajibu nikiwa na haraka. Hakuna aliyetaja daftari. Walipanga mstari kutoka kwenye kifusi, gunia likapita mkono kwa mkono juu ya maji. Kijana wa mtaimbo akaniuliza kwa sauti ya juu maji yanaingilia wapi, azibue. Nilishindwa kujibu. Tope lilikuwa limefunika zege lote na mimi mwenyewe sikuona alama.

Sauti ndogo ikasema pembeni yangu, "Tundu liko hapa, mama. Mimi nalijua."

Mjukuu wa Bibi alikuwa amesimama kwenye mvua, ameweka mguu wake mtupu juu ya saruji niliyoimwaga kwa ajili yake. Kijana akapiga mtaimbo karibu na vidole vile. Mara ya tatu saruji ikapasuka, tambara likavutwa, na maji ya uani yakaanza kuzunguka na kushuka kisimani na matope yake yote.

"Leteni magunia kwangu," Bibi aliita. "Paa langu la nyasi, lakini halivuji."

Ndipo nilipovuka ua kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. Nyumba ya Bibi ina vyumba viwili. Cha mbele kilijaa magunia. Nikapitisha la mwisho kwenye chumba cha ndani, na pale, juu ya kitanda cha kamba, alilala mzee ambaye sikuwahi kumwona. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine. Shuka lilikuwa safi. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni, maji ya kina cha kiganja yaliyofunikwa kwa sahani.

"Kaka yangu," Bibi akasema. "Kiharusi kilimpata Septemba. Nimemleta kutoka Litehu. Anahitaji kuogeshwa asubuhi na jioni, mwanangu, la sivyo mgongo unatoboka."

Ndoo ishirini na tatu. Nilikuwa nimezihesabu moja moja na sikuwahi kuuliza zinakwenda wapi. Watu wa pwani husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwa mwenye njaa, na kilichonizuia kumjua ni ua wa mabua usiofika mabegani.

Bibi alinipa kanga kavu. Akawalaza watoto wangu kwenye mkeka pamoja na mjukuu wake. Akatupikia uji wa mtama kwa maji yale yaliyokuwa kwenye beseni, kwa sababu hayakuwapo mengine. Niliunywa. Kila tone lilikuwa la mgongo wa yule mzee.

Kulipokucha nilikuta uani sufuria moja niliyoisahau nje, imejaa maji ya kina cha sentimita tano. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Fundi alinifundisha hesabu hiyo. Paa letu lina mita za mraba 80. Kwa hiyo usiku ule Mungu aliniletea lita 4,000, ndoo 200, na sehemu kubwa iliishia kubomoa ukuta wangu. Kopo la mtoto linachukua nusu lita. Nililiziba tundu ili nusu lita isitoke, na tundu lile ndilo lililokuwa mlango pekee wa mvua.

Ijumaa nilikwenda kwa padri kufanya kitubio. Kanisa letu la kusini limelelewa na wamisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA, na mapokeo yao tumeyashika: ubani, kengele, na kuungama mbele ya padri. Nilimweleza yote, tangu daftari hadi uji. Nilitegemea aniambie nilichane daftari. Hakusema hivyo.

"Daftari lako lina upande mmoja tu," akaniambia. "Nenda uandike na wa pili. Ulivyopewa."

Kisha akanikumbusha jambo ambalo nilijua kama historia na sikuwahi kulijua kama jambo linalonihusu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipanda kutoka pwani ya Lindi akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, na watu wale ndio walioweka makazi ya kwanza ya Wakristo Masasi. "Kanisa hili lilianza na watu waliookotwa njiani," padri akasema. "Sisi sote ni wa yule mtu wa barabara ya Yeriko kabla hatujawa wa Msamaria." Akamtaja pia Kanoni Robin Lamburn, aliyetumika miaka mingi katika Dayosisi ya Masasi, na baadaye, umri ambao wengine hurudi kwao kupumzika, akaenda kuishi Kindwitwi kule Rufiji, kijiji cha wagonjwa wa ukoma, akakaa nao. "Hakuwapelekea huruma kwa barua. Alihamia."

Mwisho akanipa malipizi. Jumapili ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya Majilio, tarehe 2 Desemba. Kutoka siku hiyo hadi mkesha wa Krismasi ni asubuhi ishirini na tatu. Kila asubuhi nipeleke ndoo moja kwa Bibi, kwa kichwa changu mwenyewe, nisimtume mtoto. Na wakinipa kitu, nipokee.

Nyumbani nilifungua daftari nikaandika ukurasa wa kulia. Magunia saba yaliyobebwa. Mtaimbo. Taa ya chemli. Kanga. Uji. Watoto watatu kulazwa. Tundu kuonyeshwa. Nilijaribu kutia bei kila mstari kama nilivyozoea, nikashindwa kuanzia mstari wa kwanza.

Ndoo ya lita ishirini ina uzito wa kilo ishirini. Nilikuwa nimeuza mamia ya ndoo na sikujua uzito huo shingoni, kwa sababu maji yangu yalikuwa uani. Asubuhi ya kwanza nilitua ndoo mlangoni nikageuka kuondoka. Bibi akasema, "Ingia, mwanangu. Maji hayaachwi mlangoni." Asubuhi ya tatu aliniomba nishike bega la kaka yake wakati yeye anamgeuza. Asubuhi ya sita nilimwogesha mgongo. Mwili wa mtu mzima asiyejiweza ni mzito, na ngozi yake ni nyepesi kama karatasi ya msahafu. Nilijifunza kuyapasha maji yawe vuguvugu tu, kuanza na uso kisha kuteremka, na kumkausha vizuri kwenye mikunjo. Mara ya kwanza aliangalia ukutani kwa aibu. Kufikia wiki ya pili aliniangalia mimi.

Ndipo nilipojua kuwa alikuwa mchongaji. Miaka mingi alichonga mpingo Mwenge, Dar es Salaam, pamoja na Wamakonde wenzake, na mkono ule uliokuwa umelala juu ya shuka umewatoa watu wengi ndani ya magogo. Bibi alitusimulia, yeye akitikisa kichwa kukubali, kisa cha wazee cha mwanzo wetu: mtu aliyekuwa peke yake porini akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na asubuhi akamkuta ni mwanamke hai. Watoto wao wa kwanza walikufa kwa kuwa walizaliwa karibu na maji makubwa ya mabondeni. Walipopanda juu, pale Mahuta, mtoto akaishi. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alikiandika kisa hicho. "Ndiyo maana tunakaa mbali na maji," Bibi akasema. "Wazee walichagua uhai, wakakubali kiu. Na mwenye kukubali kiu lazima akubali na jirani."

Asubuhi ya kumi na moja Bibi alinipa sahani ya ming'oko, ya moto, iliyochimbwa na yeye mwenyewe porini. Nilijua chakula cha ndani mle ni kidogo. Mkono wangu ulitaka kukataa, na nilijua kukataa kule kunatoka wapi. Kutoa kulikuwa kumenipa heshima yangu mpya, na kupokea kulikuwa kunainyang'anya. Nikakumbuka neno la padri. Nikakaa kwenye mkeka nikala.

Nilipokuwa nakula nilielewa sura ya nne ya Injili ya Yohana, ambayo nimeisikia tangu utoto. Bwana Yesu alifika kisimani saa sita mchana, amechoka. Hakuwa na ndoo wala kamba. Akamwomba maji mwanamke wa Samaria, wa kabila na ibada ambazo watu wake hawakuchangamana nazo, na yule mwanamke akashangaa kuombwa. Siku zote nilisikia habari ya maji ya uzima aliyoahidiwa yule mama. Sikuwahi kusimama kwenye ile sentensi ya kwanza, ya Mungu mwenye kiu akiomba kwa jirani wa dini nyingine. Ikiwa yeye aliomba, mimi nilipata wapi kiburi cha kuwa mtu wa kutoa tu? Na yule aliyekuja kwangu na ndoo asubuhi zote zile, akiita hodi, nilidhani ni nani?

Naamini imani humfundisha mtu huruma kwa njia hiyo. Kanisani nililia kwa ajili ya mtu wa Yeriko na machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini yalikauka kabla sijafika nyumbani kwa sababu hayakuwa na kazi ya kufanya. Huruma ilikuja kuniingia shingoni, chini ya kilo ishirini, na kwenye viganja, juu ya mgongo wa mtu ambaye sikumjua jina. Ilikuja baada ya utii, ikachelewa, na ilipofika ilinikuta tayari niko kazini. Mtu anayesubiri kwanza asikie huruma ndipo atende atasubiri kiangazi hadi kiangazi.

Mume wangu aliporudi kutoka Masasi alikuta ukuta chini na mke wake akitoka nyumba ya jirani na beseni kichwani. Aliuliza swali moja tu, kama nahitaji kufuli jingine la mlango wa stoo mpya. Nikamwambia lile la kisima litatosha. Asubuhi ya ishirini na tatu, mkesha wa Krismasi, alichukua ndoo kichwani mwangu akaipeleka yeye, akakaa na mzee wakazungumza habari za Mwenge hadi mchana. Siku ya Krismasi Bibi na mjukuu wake walikula pilau kwetu, na sahani ya mzee tuliipeleka kitandani.

Mzee aliishi hadi mwezi wa tano. Alizikwa kwa taratibu za dini yake, na maji ya kumwoshea yalitoka kisimani kwetu. Bibi alipolipwa korosho zake alikuja na pesa za ndoo ishirini na tatu, zimefungwa kwenye leso. Nilimfungulia daftari kwenye ukurasa wa kulia, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akarudisha leso kifuani, akasema, "Basi, mwanangu, tuko sawa." Sijui kama tuko sawa. Kwa hesabu yangu mimi bado nadaiwa.

Maji bado nayauza kwa wenye uwezo, kwa shilingi 300, kwa sababu mfereji unahitaji bati na kisima kinahitaji saruji. Asiye na pesa anateka, naye haandikwi. Mfuniko tunaufunga kwa komeo ili watoto wasitumbukie, na tundu la mvua lina wavu mpya wa kuvutika. Lile kopo la maziwa ya unga nimelibadilishia kamba, linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa kisima. Mwenye kulitengeneza alianza shule ya msingi, na kila akitoka shule alilitumia bila kuomba.

Ndugu msomaji, kama una kisima, au ghala, au chochote ambacho jirani yako hana, usingoje mahubiri yakulize. Kabla mvua hazijaanza, panda ngazi usafishe mfereji, chungulia tundu lako kama liko wazi, kisha uvuke ua uulize ndani mle nani anasubiri kuogeshwa.